Salamu za sikukuu: umtumie nani, lini, na kwa maneno gani

Swali la msomaji

Shikamoo mshauri. Mimi ni kiongozi wa kitengo chenye watu wa dini mbalimbali. Desemba iliyopita, usiku wa kuamkia Krismasi, saa sita kamili, nilitunga ujumbe mmoja mrefu wenye picha za mishumaa, unaotakia "furaha tele wewe na familia yako", nikautuma kwa kila mtu aliyemo kwenye simu yangu. Mwenzangu mmoja akanijibu kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova na haadhimishi sikukuu hiyo. Mwingine, aliyefiwa na mumewe Oktoba, hakujibu kabisa, na tangu hapo naona ananikwepa. Mjomba wangu naye alimlalamikia mama kwamba nimemtumia "tangazo". Sasa Idd inakaribia, kisha Pasaka, kisha mwisho wa mwaka tena. Nimefika mahali pa kutaka kuacha kabisa. Nimtumie nani, lini, na niseme nini? Na hizo ninazotumiwa mimi, lazima nizijibu zote?

Jibu

Marahaba, dada yangu. Usiache kutuma salamu. Hao watatu wameguswa kwa sababu salamu zako zina uzito kwao. Ya mtu tusiyemjali hatuikumbuki hata jioni yake. Nia yako ilikuwa njema, na sina shaka maneno nayo yalikuwa mazuri. Lakini uliketi ukajiuliza "niandike nini?" kabla ya kujiuliza siku hii ni ya nani, na mwaka huu imemkuta katika hali gani. Salamu ya sikukuu ni mali ya anayepokea. Anayetuma akitanguliza furaha yake mwenyewe, maneno yale yale mazuri huangukia pabaya. Karibu yote nitakayokuambia yanatoka hapo.

Nianze na hao watatu, maana hawapaswi kusubiri hadi sikukuu ijayo.

Mwenzako Shahidi wa Yehova hakukukasirikia. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi, Pasaka wala siku za kuzaliwa. Tukio wanalokutania kila mwaka ni Ukumbusho wa kifo cha Yesu. Alichofanya ni kukupa taarifa ili jambo lisijirudie mwaka hadi mwaka, na huo ni uungwana. Mwambie, "Asante kwa kunijulisha, nimelishika," basi. Usimwandikie maelezo marefu ya jinsi unavyoheshimu imani za watu, kwa sababu atalazimika tena kukutuliza wewe. Mwisho wa mwaka ukifika, msalimie kwa jambo ambalo ni lenu nyote wawili, yaani kazi: "Tumefunga mwaka wa kazi. Nakushukuru kwa ulivyotushika mkono wakati wa ukaguzi. Pumzika vizuri."

Mjomba ni rahisi kuliko unavyodhani. Mpigie simu siku ya kawaida isiyo na sikukuu, mwamkie, muulize habari za afya yake na za nyumbani, mzungumze hadi mazungumzo yaishe yenyewe. Usiutaje ule ujumbe. Alikuwa anadai sauti yako, na akiipata deni limekwisha. Na kuanzia sasa mweke kwenye orodha fupi ya watu ambao sikukuu kwao ni simu, si maandishi.

Huyo dada aliyefiwa ndiye ninayetaka tukae kwake zaidi. Mume amefariki Oktoba. Desemba yake ilikuwa ya kwanza bila yeye, na saa sita za usiku simu ikaita ikamtakia "furaha tele wewe na familia yako". Neno hilo la familia ndilo lililomuumiza. Mfuate ana kwa ana, mkiwa wawili tu, na useme kwa ufupi: "Desemba nilikutumia ujumbe wa shangwe nikasahau kwamba ulikuwa msibani. Nisamehe. Nimekuwa nikikuwaza." Kisha nyamaza umsikilize, hata kama hatasema kitu. Jambo moja nakusihi: usimweleze kwamba ujumbe ule ulikwenda kwa kila mtu. Kwako ni utetezi, ila kwake ni kuambiwa kwamba alikuwa jina moja kwenye orodha.

Tukiwa hapo hapo, nikwambie namna ya kumsalimia mfiwa sikukuu zinapomkuta, kwani wengi hukosea kwa njia mbili. Wapo wanaomtumia shangwe kama wote, na wapo wanaoogopa wakakaa kimya, naye akaona kwamba kifo kimemfukuza hata kwenye salamu za watu. Njia iliyo sawa ni kumwandikia yeye peke yake, umtaje marehemu kwa jina au kwa cheo chake nyumbani, na usimtakie furaha ambayo hana. "Dada, najua Krismasi hii ni ngumu bila shemeji. Ninyi nyote mko kwenye sala zangu leo. Huna haja ya kunijibu." Sentensi hiyo ya mwisho ni zawadi, inampa ruhusa ya kulia bila kudaiwa asante. Usimwambie awe na nguvu, wala kwamba mwaka ujao utakuwa mzuri. Hulijui hilo, na yeye anajua kwamba hulijui.

Kama mjane ni Mwislamu, kumbuka pia kwamba eda ya kufiwa ni miezi minne na siku kumi. Idd ikimkuta ndani ya eda, salamu inafaa kabisa, maana dua ya Idd ni dua. Picha za mavazi mapya na mapambo ndizo zisizofaa.

Wajapani wameliwekea jambo hili utaratibu ambao naupenda sana. Wao hutumiana kadi za Mwaka Mpya, na posta huzikusanya ili zifike kwa pamoja tarehe 1 Januari. Nyumba iliyopata msiba mwaka huo hutuma mapema, kabla watu hawajaziandika, kadi ya kuwaarifu kwamba safari hii hawatashiriki salamu za heri. Anayepokea taarifa hiyo haipelekei nyumba hiyo kadi ya shangwe, na akitaka kuwajulia hali husubiri siku za shamrashamra zipite kisha huwaandikia maneno ya kuwaliwaza. Mzigo wa kukisia unaondoka kwa kila mtu. Sisi tusio na kadi hiyo ya taarifa inabidi tuifanye kazi yake vichwani mwetu: kabla ya kutuma chochote, pitia majina ukijiuliza ni nani amefiwa mwaka huu, ni nani anauguza, ni nani ndoa yake imevunjika, nani amepoteza mimba au kazi. Dakika kumi zinatosha. Hao uwaondoe kwenye orodha ya wote, uwaandikie mmoja mmoja.

Sasa turudi kwenye swali la siku ni ya nani.

Kazini kwako usikisie dini ya mtu kwa jina lake. Yusufu, Mariamu, Sara na Ibrahimu wamo misikitini, makanisani na masinagogi. Wala usidhani kwamba Wakristo wote wana Krismasi moja. Waorthodoksi wa Ethiopia, Wakopti wa Misri, Warusi na Waserbia huiadhimisha tarehe 7 Januari, kwa kuwa makanisa yao hayakufuata marekebisho ya kalenda ya mwaka 1582, na pengo la siku 13 limebaki. Waorthodoksi wa Ugiriki na Rumania husherehekea tarehe 25 Desemba kama Wakatoliki, na Waukraine walio wengi walihamia tarehe hiyo mwaka 2023. Mwaka mpya nao si wa Januari kwa kila mtu: wa Ethiopia ni tarehe 11 Septemba, au 12 katika mwaka unaotangulia mwaka mrefu wenye Februari ya siku 29, wa Wairani, Nowruz, huja na majira ya kuchipua mwezi Machi, wa Wachina huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari, wa Wayahudi, Rosh Hashanah, huwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba.

Huwezi kuyakariri yote, na hakuna anayekutaka uyakariri. Wewe ni kiongozi wa kitengo. Mwanzoni mwa mwaka waulize wote swali moja lile lile, Mkristo na Mwislamu na asiye na dini: "Ni siku zipi kubwa kwako mwaka huu ambazo ungependa tuzijue?" Atakayejibu andika tarehe zake, atakayenyamaza mwache. Orodha hiyo itakusaidia hata kupanga ruhusa na vikao, na utaepuka lile kosa linaloumiza watu kimya kimya maofisini: Krismasi kutangazwa kwa barua ya kiongozi na mapambo ukutani, halafu Idd ikapita kama Jumanne yoyote. Watu huhesabu mambo haya, hata wasiposema. Ukiamua kuandikia kitengo kizima kwa sikukuu moja, andika kwa nyingine zote zilizomo kwenye orodha yako, kwa urefu ule ule na uchangamfu ule ule.

Pengine utaniuliza: kwa nini nisiseme tu "heri ya sikukuu" kwa wote nikamaliza? Salamu hiyo ina mahali pake. Inafaa kwenye tangazo la ukutani, kwa wateja usiowajua, kwa umati. Mahali usipojua, ni adabu. Lakini kwa mtu unayemjua, ambaye umefanya naye kazi miaka kadhaa na unajua fika kwamba anafunga Ramadhani, kumwambia "heri ya msimu" ni kumwonyesha kwamba hukumtazama. Mwambie "Idd Mubarak". Mwambie "Krismasi njema" anayeadhimisha Krismasi. Naona watu wengi wanajificha kwenye maneno ya jumla wakidhani wanaepusha lawama, na matokeo yake wanapoteza jambo lenyewe lililofanya salamu iwe na thamani, yaani kumjua mtu.

Tena si kila siku kubwa ni siku ya furaha. Ijumaa Kuu ni siku ya mateso na kifo cha Yesu. Wakristo hufunga na kutafakari, kwa hiyo "heri ya Ijumaa Kuu" inagongana na siku yenyewe. Subiri Jumapili umtakie Pasaka njema, au Ijumaa sema tu, "Nakutakia siku ya sala na tafakari." Siku ya kumi ya Muharram, Ashura, Washia huomboleza kuuawa kwa Imamu Hussein huko Karbala mwaka 680, wakati Wasuni wengi huifunga kama sunna; kumtakia Mshia sherehe njema siku hiyo ni kumkosea vibaya. Yom Kippur ya Wayahudi ni siku ya toba na mfungo wa saa kama 25, na wanaoijua humtakia mwenzao mfungo mwepesi. Ramadhani yenyewe ni mwezi wa baraka, ukisema "Ramadhani Mubarak" au "Ramadhani Karim" hujakosea, ila salamu ya kuingia kwa mwezi na salamu ya Idd ni mbili tofauti. Usiitumie moja kubana matumizi ya nyingine.

Kuhusu Idd inayokaribia. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo kila mwaka Idd hurudi nyuma kama siku 11 kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka 2000 Idd el-Fitr iliangukia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na kinachoamua ni mwezi kuandama. Ndiyo maana tarehe iliyochapishwa kwenye shajara ni makadirio. Usitume salamu za Idd jioni ya siku ya 29 kabla mwezi haujatangazwa, maana mwenzako anaweza kuamka kesho yake akiwa bado amefunga. Na wakitofautiana, wengine wakasali Idd leo na wengine kesho, msalimie kila mmoja siku anayosali yeye. Jambo la nani kauona mwezi si lako kulijadili, wala si la kutolea utani kwenye kundi la kazini. Wakati mzuri ni asubuhi baada ya swala. "Idd Mubarak, kaka. Mungu azikubali funga na dua zenu." Inatosha. Mwislamu akikujibu kwa dua ya Kiarabu huna haja ya kutafuta ya kumrudishia. Sema "Amina, asante".

Jambo moja linahitaji upole. Wapo Waislamu ambao kwa imani yao hawatamki pongezi za Krismasi, na wapo wanaozitamka bila wasiwasi. Wanazuoni wametofautiana juu yake. Vivyo hivyo wapo Wakristo wasioadhimisha tarehe 25 Desemba kwa hoja zao za Maandiko. Mwenzako Mwislamu akikwambia "nakutakia mapumziko mema wewe na watoto" siku ya Krismasi, pokea kwa mikono miwili. Amekupa alichoweza kukupa bila kuvunja dhamiri yake. Usipime upendo wa mtu kwa maneno aliyoyaacha.

Nije kwenye ule ujumbe mmoja uliokwenda kwa wote. Tamaa ya kuwamaliza watu wote kwa mkupuo haikuanza na simu. Mwaka 1843, London, mtumishi wa serikali aitwaye Henry Cole alizidiwa na barua za mwisho wa mwaka. Posta ya bei nafuu ilikuwa imeanza mwaka 1840, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwa walioisukuma, na kutojibu barua kulionekana ni ukosefu wa adabu. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapishwa nakala kama elfu moja, na hiyo ndiyo kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa madukani. Lakini tazama alichofanya Cole: juu ya kadi aliacha nafasi ya kuandika jina la anayetumiwa, na chini nafasi ya jina la anayetuma. Picha ilikuwa moja kwa wote, ila ilibidi kushika kalamu kwa kila mtu. Na ujumbe mfupi wa kwanza wa simu, tarehe 3 Desemba 1992, nao ulikuwa salamu ya Krismasi: mhandisi Neil Papworth aliuandika kwenye kompyuta kwenda kwa mtu mmoja, Richard Jarvis wa Vodafone, ambaye simu yake haikuwa hata na uwezo wa kumjibu kwa maandishi.

Kanuni yangu ni hiyo hiyo ya nafasi mbili. Kiini cha maneno kinaweza kufanana kwa watu ishirini. Hakuna anayekudai utenzi mpya kwa kila rafiki. Ila kila mmoja apate jina lake au cheo chake mwanzoni, na sentensi moja ambayo haiwezi kwenda kwa mwingine. "Mama mdogo, shikamoo. Nakutakia Pasaka njema. Nimefurahi kusikia mguu umepona na umerudi kwenye kwaya." Ukikosa hiyo sentensi moja kwa mtu fulani, huenda ni dalili kwamba huyo hahitaji salamu yako mwaka huu, na hakuna ubaya. Mimi ningependa utume kumi na tano zenye majina kuliko mia tatu zisizo nayo.

Picha na video ulizotumiwa usizisukume mbele kama zako. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama kwenye ujumbe uliosambazwa, na ukishapitia mikono mingi alama huwa ya mishale miwili, kwa hiyo mpokeaji anaona mara moja kwamba hayo si maneno yako. Mjomba wako aliona tangazo kwa sababu ndivyo lilivyokuja. Ukilazimika kuwaandikia wengi kwa pamoja, tumia ile orodha ya kutangazia ndani ya WhatsApp: kila mtu hupata ujumbe peke yake na majibu yanakuja kwako tu, ingawa unamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako. Usiwaundie watu kundi jipya ili uwasalimie. Unaanika namba zao kwa wasiowajua, na mtu akijitoa anaonekana mkorofi. Kwenye barua pepe, anwani ziende kwenye sehemu ya nakala iliyofichwa. Kwa wateja, salamu iende bila bei, bila punguzo, bila kiungo cha duka. Ukiweka bidhaa chini yake, mpokeaji hatakumbuka kwamba ulimsalimia.

Saa nazo zina adabu yake. Usiku wa manane ni wa watu wa nyumbani na wale mnaokesha pamoja. Mkubwa wako, mteja, mgonjwa na mwenye mtoto mchanga wasubiri asubuhi. Myahudi anayeshika Sabato hatagusa simu siku ya Sabato wala siku za Rosh Hashanah na Yom Kippur, basi mtumie kabla jua halijazama siku inayotangulia. Kazini, kiongozi ndiye aanze. Usikae kungoja watu wako wakusalimie kwanza, na asiyekusalimia usimwekee kinyongo. Pengine anaona haya kukuandikia mkubwa wake siku ya mapumziko. Kwa wazee wa ukoo mpangilio unageuka: mdogo ndiye aanze, apige simu, na apige siku yenyewe.

Umeuliza kama lazima ujibu zote. Hapana. Iliyoandikwa kwa jina lako ijibu, siku hiyo au ndani ya siku mbili tatu, na umtaje mtu naye. Picha iliyosambazwa kwa mia haikudai chochote. Alama ya moyo inatosha, na hata kimya hakimkosei mtu. Nina tofauti moja, nayo naishikilia: mzee akikutumia picha iliyosambazwa, mjibu kwa maneno kamili. Kwake kule kuipata picha, kuichagua na kubonyeza jina lako ni kazi, na alikuwa anakuwaza. Kwenye kundi la kazini mtu mmoja akishasalimu, wengine waweke alama tu. "Nawe pia" arobaini huzamisha ujumbe ambao mtu aliye zamu alihitaji kuuona.

Ukitakiwa heri ya sikukuu isiyo yako, pokea: "Asante sana, nawe uwe na siku njema." Marekebisho yawe kwa yule mtakayeendelea kukutana naye, na yafanyike faraghani, kama alivyofanya mwenzako.

Sikukuu ikikupita hujasalimia, usikate tamaa upesi, kwani sikukuu nyingi zina mkia mrefu kuliko tunavyofikiri. Msimu wa Krismasi kanisani hufika hadi Epifania tarehe 6 Januari. Wa Pasaka una siku 50 hadi Pentekoste. Idd el-Hajj huanza tarehe 10 Dhul-Hijja, na siku tatu zinazofuata bado ni za sikukuu. Mwaka Mpya wa Wachina hufungwa siku ya kumi na tano kwa sherehe ya taa, na Nowruz hufika siku ya kumi na tatu. Ndani ya siku hizo hujachelewa, salimia bila kuomba radhi. Zikishapita zote, usitunge hadithi ya simu kuharibika wala mtandao kukatika. Andika tu: "Kaka, Idd ilipita sijakupigia, na nilikukumbuka. Mliamkaje wewe na shemeji? Nitakupigia Jumamosi jioni, niambie kama utakuwa na nafasi." Kisha Jumamosi jioni umpigie kweli.